Mwalimu anayepiga chafya kabla hajashika chaki

Shikamoo mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini, nina miaka 34. Naishi na mume wangu, watoto wetu 2 na mama mkwe, ambaye alihamia kwetu mwaka juzi baada ya kufiwa na baba mkwe.

Shida yangu ni mafua yasiyoisha. Kila nikiamka, kabla hata sijashusha miguu chini, naanza kupiga chafya mfululizo, kumi, kumi na tano. Pua inachuruzika maji matupu, macho yanawasha, na huku juu kwenye kaakaa kunanitekenya mpaka nashindwa nifanye nini. Ikifika saa 4 hivi nikiwa darasani, inapungua. Usiku pua inaziba, leo upande huu, kesho ule, naamka koo limekauka kwa kulala mdomo wazi. Homa sina. Masika ndiyo huwa mbaya zaidi. Huu ni mwaka wa 3.

Walimu wenzangu wanasema ni vumbi la chaki, na kwamba litaniletea pumu. Mume wangu ananishauri niombe kazi ya ofisini. Amoksilini nimemeza mara 4 mwaka huu, haikusaidia kitu. Piritoni inasaidia, lakini nikiinywa asubuhi nasinzia mbele ya wanafunzi, na juzi nilikosea kujumlisha alama za darasa zima. Usiku natumia dawa ya matone ya kuzibua pua, sasa ni mwezi wa 4. Mwanzoni niliweka mara moja nikalala. Siku hizi nisipoweka mara 4 au 5 kwa siku siwezi kupumua.

Mwaka jana nilichomwa sindano ya aleji kwenye duka la dawa. Mama, nilikaa karibu mwezi mzima nikiwa mtu mwingine. Nikarudi nikachomwa ya pili. Sasa nataka ya tatu, ila mhudumu wa zamani ameondoka na huyu aliyepo amekataa. Je, nitafute kwingine?

Halafu binti yangu wa miaka 8 naye ameanza. Siku nzima anasugua pua kwa kiganja, anaipandisha juu, mpaka ana kamstari katikati ya pua. Analala chumba kimoja na bibi yake, na mama mkwe hufukiza ubani kila magharibi. Chumba kinajaa moshi, mtoto anakohoa. Mimi nitamwambiaje mama mkwe kuhusu ubani wake? Hata pa kuanzia sipaoni.

Naomba unisaidie.

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole. Miaka 3 ya kuamka namna hiyo inachosha, na najua anayekutazama kwa nje anaona ni mafua tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, napigia mstari kila mahali ulipotaja saa. Unaanza kabla hujashusha miguu. Ukiwa darasani, chaki mkononi, saa 4, unapata nafuu. Kama chaki ndiyo ingekuwa chanzo, mambo yangekwenda kinyume: ungeamka salama, uharibikiwe kazini, na likizo ya Desemba ungeimaliza bila leso. Jiulize likizo iliyopita ulikuwaje. Nadhani ulipiga chafya kila asubuhi vilevile. Chaki ni vumbi na inaweza kuikera pua ambayo tayari imevimba, kwa hiyo ubao ufutwe kwa kitambaa kibichi na madirisha yawe wazi. Lakini kazi yako usiiache kwa ajili yake.

Kitu kinachokuanza ukiwa kitandani na kukuachia ukiwa mbali na kitanda, kitafute kitandani.

Humo kuna vijidudu vinaitwa utitiri wa vumbi. Kimoja kina urefu wa karibu robo ya milimita, kwa hiyo kwa macho huwaoni. Si kunguni, hawaumi wala hawanyonyi damu. Wanakula vumbi la ngozi kavu linalotutoka tukiwa tumelala, na maji wanayapata kwenye unyevu wa hewa. Ndiyo maana miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Zanzibar inawafaa sana, na ndiyo maana masika hali yako huwa mbaya. Kinachokusumbua hasa ni kinyesi chao. Kinakauka, kinachanganyika na vumbi, na kila ukijigeuza au ukikung'uta mto unakivuta puani. Watu wengi wanakivuta kisiwafanye lolote. Kwako wewe mwili unakidhania adui, unamwaga kemikali iitwayo histamini, na hiyo histamini ndiyo inayoleta chafya, maji ya pua, kuwashwa macho na kule kutekenywa kwenye kaakaa.

Huko kuwashwa ndiko kulikonifanya niamini kuwa ni aleji. Mafua ya virusi huja na mwili kuuma, mara nyingine homa, kamasi inakuwa nzito, na ndani ya siku 7 hadi 10 hivi yamekwisha. Hayawashi macho na kaakaa miezi na miezi. Wala ya kwako hayakuletwa na bakteria, kwa hiyo amoksilini zile 4 hazikuwa na kitu cha kuua. Zilichofanya ni kuwapa bakteria wengine mwilini nafasi ya kuizoea dawa, na siku utakapoihitaji kweli inaweza isikusaidie. Tafadhali usinywe ya 5.

Na usije ukadhani wewe ni mchafu. Nimewahi kuingia nyumba zilizosuguliwa zikang'aa, na utitiri umo, kwa sababu haukai sakafuni. Umo ndani ya godoro na mito.

Hukuniambia unalalia nini. Kama kuna mito ya sufi, hiyo ndiyo itoke kwanza, hasa ile ya miaka mingi. Najua mito ya sufi Pwani haikai nyumbani kama kitu cha kununua tu dukani. Mara nyingi imetoka kwa mama, imekuja na harusi. Kama huwezi kuiachia, iweke sebuleni, ikae jua kila wiki, lakini isiwe chini ya kichwa chako wala cha binti. Nunua mito ya sponji. Sponji nayo hushika utitiri, ila unaweza kuivisha kava nzito ya kufunga kwa zipu, utitiri ukabaki umefungiwa ndani. Godoro nalo livae kava ya namna hiyo. Ukikosa, ile nailoni ambayo godoro jipya huja nayo inafanya kazi hiyohiyo. Inaleta joto, kweli, lakini tandika shuka zito la pamba juu yake na kila wiki ifute kwa kitambaa kibichi.

Mashuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto. Utitiri hufa kwenye maji ya nyuzi 60, na kipimajoto huhitaji. Chemsha sufuria ya maji, mimina kwenye beseni pamoja na maji ya bomba yaliyo pungufu kidogo ya yale ya moto, utapata kiasi hicho au zaidi. Zamisha mashuka kwa mti, funika nusu saa, halafu ndipo ufue kama kawaida. Yatengee mahali ambapo mtoto hapiti. Nimehudumia watoto walioungua kwa beseni la maji ya moto, na sitaki dawa ya chafya ilete jeraha.

Jua tunalo, tulitumie. Jumamosi toa godoro na mito nje kuanzia saa 5 mpaka saa 9, ugeuze katikati. Joto na ukavu huo unaua utitiri wengi, ila kinyesi chao kinabaki humo, kwa hiyo baada ya kuanika lazima likung'utwe. Anayekung'uta asiwe wewe wala binti. Hiyo ni kazi ya mume wako, na umwambie nimesema mimi. Asubuhi usikimbilie kutandika kitanda. Kunja shuka la juu miguuni, fungua dirisha, jasho la usiku likauke kwanza.

Chandarua. Hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu nimeona watu wakiambiwa "punguza vitu vya vumbi chumbani" wakaondoa chandarua, halafu malaria ikaingia. Chandarua kibaki. Kinashika vumbi, ndiyo, na kinaning'inia juu ya uso, kwa hiyo kifuliwe. Lakini vile vyenye dawa havifuliwi kila wiki kama shuka, mara moja kwa miezi 3 inatosha, kwa sabuni ya kawaida na maji ya baridi, na kianikwe kivulini maana jua kali huiharibu dawa iliyomo. Vimetengenezwa kustahimili kufuliwa kama mara 20. Kikiwa kipya, kitandaze kivulini siku nzima na usiku kabla ya kukitundika, kwa sababu harufu yake ya mwanzo huweza kuwasha pua na macho. Kati ya fua na fua, kitoe nje ukikung'ute.

Sasa panda kiti uangalie juu ya pangaboi. Wengi tunafuta kila kitu chumbani tukasahau mapanga ya feni, na usiku likiwashwa linatunyunyizia vumbi la miezi. Lifute kwa kitambaa kibichi kila wiki. Masanduku na nguo zilizorundikwa juu ya kabati zihamishwe. Kapeti ya chumbani iondoke, mkeka ukae mahali pake, kwa kuwa mkeka unaupangusa na kuutoa juani. Kufagia kwa ufagio mkavu kunarusha vumbi hewani kwa muda mrefu, kwa hiyo nyunyiza maji kwanza au piga deki moja kwa moja. Ukilazimika kufagia wewe, funga barakoa.

Ukiona ukungu mweusi kwenye kona za ukuta baada ya mvua, nao ni chanzo cha aleji, ufutwe, na panapovuja pazibwe. Mende hali kadhalika. Paka wenu, kama mnaye, asilale kitandani. Lakini usitake kufanya yote hayo kwa siku moja ukachoka ukaacha. Kitanda kwanza, chako na kile cha mama mkwe anacholala na binti, maana mtoto hatapona chafya akitibiwa kitanda kisicho chake.

Nije kwa mama mkwe.

Moshi wa ubani kwa hakika hausababishi aleji ya utitiri. Ila pua na kifua vilivyokwisha kuvimba kwa aleji vikipata moshi vinakereka zaidi, uwe wa ubani, wa udi, wa mkaa, wa sigara au wa ile dawa ya mbu ya kuchoma. Kikohozi cha binti wakati wa kufukiza kinaniambia kwamba kifua chake kinakereka, na mtu mzima mwenye mapenzi na mjukuu wake hatalipuuza hilo akielezwa kwa njia inayofaa.

Njia inayofaa si wewe kumwambia. Wewe ni mkamwana, na hata ungetafuta maneno laini kiasi gani, angeweza kusikia kwamba unamfukuzia ubani wake katika nyumba ya mwanawe, naye bado yuko kwenye majonzi ya mumewe. Mwache mume wako akae na mama yake, wawili tu, na asianze na ubani. Aanze na mtoto: mama, umemsikia mjukuu wako anavyokohoa usiku? Kwa vile wanalala chumba kimoja, amesikia kabla yenu nyote. Halafu amwombe ushauri kama mkubwa wa nyumba. Mara nyingi atasema mwenyewe, "basi moshi tuutoe." Akisema hivyo, chetezo kikae barazani au uani, au kifukizwe chumbani mapema alasiri mtoto akiwa nje, madirisha yabaki wazi hadi moshi uishe kabisa ndipo mtoto aingie kulala. Ubani unaendelea, mapafu ya mtoto yanapumzika. Kama kuna nafasi ya binti kuhamia chumba kingine, usimhamishe wiki hiyohiyo ya mazungumzo. Bibi atadhani amenyang'anywa mjukuu.

Wewe fanya sehemu yako kwa vitendo: ukifua mashuka yako kwa maji ya moto, fua na ya mama. Ukianika godoro lako, anika na lake. Mnunulie mto mpya mzuri.

Dawa sasa. Piritoni ni dawa ya siku nyingi, inazuia histamini, lakini inafika kwenye ubongo na kuleta usingizi, na hiyo ndiyo iliyoharibu jumla za alama. Zipo zilizokuja baadaye zinazolaza kidogo zaidi, kama setirizini na loratadini. Kwa mtu mzima ni kidonge kimoja cha miligramu 10, mara moja tu kwa siku. Loratadini ndiyo hulaza kidogo kuliko zote hizo. Setirizini baadhi ya watu huwasinzisha, kwa hiyo ukiichagua inywe usiku, itakufikisha asubuhi ambako ndiko kwenye chafya. Chagua moja, usiichanganye na piritoni. Soma pia maandishi kwenye vidonge vya mafua vya mchanganyiko, kwa sababu vingi vina klorofeniramini, ambayo ni piritoni ileile kwa jina lake jingine, na mtu hujikuta amemeza dozi mbili. Mwenye ugonjwa wa figo au ini, au mjamzito, amuulize mtaalamu kwanza.

Yale matone ya pua ndiyo yananitia wasiwasi zaidi. Dawa za kuzibua pua kama zailometazolini hubana mishipa ya damu ndani ya pua, pua ikafunguka ndani ya dakika chache. Ni za siku 5 hadi 7, basi. Ukipita hapo, dawa ikiisha nguvu mishipa inavimba kuliko ilivyokuwa, unaweka tena, inavimba tena. Mwezi wa 4 huu, huenda sehemu kubwa ya kuziba kwako inatoka kwenye chupa hiyo. Utaachaje? Nenda hospitali au kituo cha afya wakuandikie dawa ya steroidi ya kupuliza puani, kama beklometasoni, budesonidi au flutikasoni. Haizibui papo hapo, inatuliza uvimbe polepole, na nguvu yake kamili inaweza kuchukua wiki 2, kwa hiyo usiitupe siku ya 3 ukisema haifanyi kazi. Ukiwa umeianza kama wiki moja, acha matone kwenye tundu moja la pua, lingine uendelee nalo ili angalau upande mmoja upumue. La kwanza likizoea, acha na la pili. Siku kadhaa zitakuwa ngumu, hasa usiku. Inua kichwa kwa mito miwili, ujue yanapita.

Kuipuliza nako kuna namna yake, na wengi hawaoneshwi. Penga kamasi, inamisha kichwa mbele kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, ukielekeza mdomo wa chupa nje, upande wa sikio. Usielekeze kwenye ukuta wa katikati, hapo ndipo pua hutoka damu. Usinuse kwa nguvu. Ukiionja kooni ujue umeivuta kupita kiasi, imepitiliza.

Utaniuliza: kama steroidi ya puani inafaa, kwa nini sindano isifae? Sindano ya duka la dawa inayokausha chafya kwa mwezi mzima mara nyingi huwa ni steroidi ya kukaa mwilini muda mrefu. Ile ya pua ni kiasi kidogo sana, na inayoingia kwenye damu ni kidogo. Ya sindano inazunguka mwili mzima. Ikirudiwarudiwa hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, hupunguza kinga, na huufanya mwili uache kutengeneza homoni yake wenyewe ya namna hiyo. Chafya hazistahili gharama hiyo. Kwa hiyo hapana, usitafute kwingine. Yule mhudumu aliyekukatalia alikufanyia wema. Ukienda kituoni, waambie ulichomwa mara 2, wakupime presha na sukari. Na kama kuna siku umepewa vidonge vya prednisoloni, ambavyo navyo ni steroidi, ukavitumia wiki nyingi, usiviache ghafla bila kuelekezwa.

Kuna tiba moja ya nyumbani ninayoipenda sana, nayo ni maji ya chumvi. Chemsha nusu lita ya maji, yaache yapoe yawe vuguvugu, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisijae sana. Vuta kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, inama juu ya sinki, pumua kwa mdomo, sukuma taratibu kwenye tundu moja, maji yatatokea kwa jingine yakiwa na vumbi na kamasi. Fanya jioni kabla ya kulala, na kabla ya dawa ya kupuliza. Kwa anayetia udhu kupandisha maji puani si jambo geni, ila haya yanakwenda juu zaidi, kwa hiyo ni lazima yawe yamechemshwa. Katika maji ghafi huweza kuwamo kijidudu kiitwacho ameba ambaye hutokea kwa nadra sana, lakini akipita puani hufika kwenye ubongo, na huua. Yaliyobaki mwaga, kesho tengeneza mengine.

Kujifukiza kwa mvuke kunaweza kukupa nafuu ya muda mfupi, lakini hakuponyi aleji, na mtoto asiwekwe chini ya shuka na sufuria ya maji yanayochemka. Tangawizi na asali hulainisha koo, kunyweni mkipenda.

Binti. Hako kamstari juu ya pua hutokana na kule kusugua kuelekea juu, wauguzi tunakaona mara nyingi kwa watoto wenye aleji. Piritoni usimpe siku za shule. Mtoto anayesinzia darasani huitwa mvivu, na wewe mwalimu unalijua hilo kuliko mimi. Kwa umri wa miaka 8 setirizini hutolewa miligramu 5 asubuhi na 5 jioni, lakini usimwanzishie kabla hajapimwa uzito na kusikilizwa kifua, kwa sababu ya kile kikohozi. Aleji ya pua na pumu hutembea pamoja. Si kwamba moja ni lazima ilete nyingine, ila mwenye moja huwa karibu zaidi na nyingine. Msikilize wiki hii: anakohoa usiku wa manane? Kifua kinapiga mluzi? Akikimbia na wenzake anasimama kwa kubanwa? Likiwepo hata moja, mwambie daktari waziwazi. Pumu ikijulikana mapema mtoto anacheza kama wengine.

Na nyote wawili, zipo dalili ambazo hazitibiwi nyumbani. Pua inayoziba upande mmoja tu siku zote, inayotoa damu mara kwa mara au uchafu wenye harufu, hiyo si aleji ya kawaida, aione daktari wa masikio, pua na koo. Kikohozi cha wiki 2 na zaidi kipimwe kifua kikuu. Na mtu yeyote akivimba midomo au ulimi, akabanwa pumzi, akapata mabaka mwili mzima huku anatapika au anaishiwa nguvu, iwe baada ya kula kamba au karanga, kuumwa na nyuki au kumeza dawa, msimpe setirizini mkakaa kusubiri. Mlazeni, miguu juu kidogo, na kama anapumua kwa shida mkalisheni, msimsimamishe wala kumtembeza. Tafuteni gari sasa hivi hadi hospitali, anahitaji sindano ya adrenalini.

Chukua daftari moja la shule, andika kila asubuhi idadi ya chafya na ulilala wapi. Ukienda safari ukalala kitanda kingine, andika pia. Baada ya wiki 4 daftari hilo lipeleke kwa daktari, na mimi niandikie umeona nini. Kama kitanda kimesafishwa na chafya ziko palepale, tutaiacha dhana hii ya utitiri na kutazama ukungu, mende na paka, na hospitali kubwa zinaweza kukupima ngozi kujua mwili unakataa nini hasa.

Jumamosi hii anza na mito.